Kupinga uamuzi wa kunyimwa cheo chuo kikuu: mwongozo kamili kwa walimu wa Lubumbashi

Mwalimu wa chuo kikuu akinyimwa cheo, mara nyingi hapewi barua yoyote. Anasikia koridoni kwamba jina lake halikupita, au anasimama mbele ya valve, yaani ubao wa matangazo, kusoma orodha iliyobandikwa, anajitafuta mara mbili, mara tatu, na hajioni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na jambo ambalo wenzangu wengi huliruka: kabla ya kuupinga uamuzi, ni lazima uwe nao mkononi, umeandikwa, una tarehe na una sahihi ya mtu anayewajibika. Neno la koridoni halina wa kulijibia, na hakuna mahakama inayoweza kulifuta.

Nimefundisha hapa Lubumbashi, nchini Kongo, muda mrefu, na nimekaa na wenzangu wengi, asistenti, chef de travaux (cheo kilicho juu ya asistenti) na maprofesa, tukipitia dosye zao, yaani mafaili yao ya kuombea cheo, ukurasa kwa ukurasa. Mimi mwenyewe nilingoja miaka miwili jibu la dosye ambayo, nilikuja kugundua, haikuwahi kutoka kwenye kabati la ofisi ya kitivo. Muda wote huo nilikuwa namlaumu mtu ambaye hajawahi kuiona. Ningejua ninayoyaandika hapa, ningeokoa miaka hiyo miwili.

Hatua ya kwanza: jua dosye imekwama wapi

Dosye ya cheo katika chuo cha serikali husafiri. Huanzia idarani, hupita kwenye baraza la kitivo, hufika kwa viongozi wa chuo na kamati yao ya uongozi, na kwa vyeo vya uprofesa huishia Kinshasa, kwenye wizara ya masomo ya juu na vyuo vikuu, ambako amri ya waziri hutiwa sahihi. Urefu wa njia hii una historia yake. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vitatu, vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA; mwaka 1981 vikatenganishwa tena, lakini masuala makubwa ya hadhi ya wafanyakazi yaliendelea kuamuliwa makao makuu. Anayesema tu kwamba "chuo kimenikatalia" bado hajasema lolote, kwa maana katika njia ndefu kama hiyo dosye inaweza kusimama mahali pengi, na kila mahali pana dawa yake.

Kuna hali tatu zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni kukataliwa hasa: kikao kilikaa, dosye ikasomwa, wajumbe wakaamua kwamba masharti hayakutimia. Ya pili ni dosye kutowasilishwa, yaani hakuna aliyesema hapana ila hakuna aliyeisoma. Ya tatu ni mwalimu aliyekwisha kupandishwa, mwenye amri ya waziri mkononi, lakini mshahara wake bado ni wa cheo cha zamani kwa sababu hajafanyiwa mécanisation, yaani cheo chake kipya hakijaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Huyu wa tatu hana haja ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wowote, kwa kuwa uamuzi uko upande wake. Kinachomkabili ni kufuatilia malipo, na akiandika barua ya kulalamikia "kunyimwa cheo" atawapa watu wa mishahara sababu ya kudhani kwamba cheo chenyewe kina utata.

Ili kujua uko katika hali gani, nenda idarani uulize tarehe na namba ya barua iliyoipeleka dosye yako kitivoni. Ukiipata, nenda kitivoni uulize namba ya barua iliyoitoa hapo kwenda kwa viongozi wa chuo. Endelea hivyo mpaka ufike kwenye ofisi ambayo haina namba ya kukuonyesha. Hapo ndipo dosye ilipo, au ndipo ilipopotelea. Kazi hii huchukua asubuhi mbili au tatu, na inahitaji adabu, kwa kuwa makatibu unaowauliza ndio watakaopokea barua zako zote zinazofuata.

Hatua ya pili: ugeuze ukimya kuwa maandishi

Andika barua fupi kwa mkuu wa ofisi ulipokuta kikwazo, ukiomba mambo matatu tu: dondoo ya procès-verbal, yaani kumbukumbu, ya kikao kilichoshughulikia dosye yako, sababu za uamuzi, na nakala ya gridi au fomu ya tathmini iliyotumika. Usilalamike katika barua hii, na usijitetee. Lengo lake ni kupata jibu, na mtu hujibu kwa urahisi zaidi anapoombwa karatasi kuliko anaposhutumiwa.

Namna ya kuifikisha barua ni muhimu kama yaliyomo. Chapa nakala mbili, nenda nazo mwenyewe kwenye sekretarieti, usiitume kwa mwanafunzi. Katibu atafungua kitabu cha barua zinazoingia, ataandika namba, tarehe, jina lako na mada, kisha atapiga muhuri na kutia sahihi kwenye nakala utakayobaki nayo. Iangalie nakala hiyo kabla hujaondoka mlangoni. Niliwahi kurudi nyumbani na nakala yenye tarehe ya juma lililotangulia, kwa sababu asubuhi ile hakuna aliyezungusha namba za muhuri, na baadaye tarehe hiyo ilinipa kazi kubwa ya kueleza kwa nini barua yangu ilionekana imeandikwa kabla ya kikao inachokizungumzia.

Barua isipojibiwa, andika ya ukumbusho, itaje ya kwanza kwa namba na tarehe yake ya kupokelewa, na uikabidhi kwa njia ileile. Hapo unaweza kutaja ibara ya 27 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, inayompa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na inayoiwajibisha mamlaka hiyo kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kushtakiwa kwa kuwa amepeleka ombi kama hilo. Wengi wetu tunaogopa kuandika tukidhani barua itatuharibia jina. Ni vizuri kujua kwamba Katiba yenyewe iliifikiria hofu hiyo.

Fungua daftari moja kwa ajili ya jambo hili. Kila ukienda ofisini andika siku, saa, uliyezungumza naye na alichosema.

Hatua ya tatu: soma sababu za kukataliwa ukilinganisha na sheria

Kwa vyuo vya serikali, maandishi ya kuwa nayo mezani ni sheria-mfumo namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa, sheria namba 18/038 ya tarehe 24 Desemba 2018 kuhusu hadhi ya wafanyakazi wa masomo ya juu, vyuo vikuu na utafiti wa kisayansi, maelekezo ya waziri yaliyokuwa yakitumika mwaka ule dosye yako iliposomwa, na kanuni za ndani za chuo chako. Pata maandishi yenyewe, usitegemee muhtasari ambao mwenzako alikusimulia. Gawa karatasi pande mbili: upande mmoja uandike kila sharti la cheo unachoomba, upande wa pili uandike karatasi gani katika dosye yako inalithibitisha. Pale ambapo upande wa pili ni mtupu, ujue mapema, na ukiona masharti mawili hayana karatasi, ninakushauri kwa moyo wote usikate rufaa bado, ukamilishe dosye kwanza.

Sababu za kupinga hazilingani uzito. Iliyo nzito kuliko zote ni kasoro ya utaratibu: kikao kilikaa bila akidi, aliyeamua hakuwa na mamlaka ya kuamua, mjumbe mwenye ugomvi unaojulikana na mwombaji au mwenye dosye inayoshindana naye alibaki ndani wakati wa kura, au sharti lililotumika halimo katika sheria wala kanuni. Inafuata kasoro ya ukweli: miaka ilihesabiwa vibaya, makala ilisahauliwa, cheti kilichokuwemo kikasemekana hakimo. Dhaifu kabisa ni kusema kwamba wajumbe hawakuithamini kazi yako inavyostahili, kwa sababu hakuna mamlaka ya juu inayopenda kuketi mahali pa wataalamu na kupima upya ubora wa utafiti. Ukiwa na hoja ya aina ya kwanza na ya pili, usiichafue kwa kuichanganya na ya tatu.

Kuhusu miaka, angalia ilihesabiwa kuanzia wapi. Ikiwa kanuni inadai miaka 4 katika cheo ulicho nacho, ni tofauti kubwa kama wamehesabu kuanzia tarehe ya amri iliyokupa cheo hicho, au tarehe ulipokabidhiwa barua, au tarehe mshahara ulipobadilika. Kwetu, ambako karatasi huchukua miezi mingi kufika kutoka Kinshasa, tofauti hiyo inaweza kumrudisha mtu nyuma kipindi kizima. Weka nakala ya amri juu kabisa ya viambatisho na upigie mstari tarehe.

Kuhusu makala, omba uone gridi yenyewe. Mwenzangu mmoja alipungukiwa na makala moja tu. Tulipoipata gridi tukaona makala zake mbili zimeandikwa katika mstari mmoja. Zote zilitoka katika toleo moja la jarida, naye alipiga fotokopi ya jalada mara moja na kuzibana zote kwa pini moja. Aliyekuwa akihesabu alihesabu pini. Hapakuwa na chuki wala njama, na barua ya ukurasa mmoja yenye jalada mara mbili na kurasa za mwanzo na mwisho za kila makala ilitosha.

Siku hizi sababu inayotolewa zaidi ni kwamba jarida ni la kitapeli, la kuchapisha yeyote anayelipa. Hapa ni lazima uwe mkweli kwanza kwa nafsi yako, kwa maana majarida hayo yapo kweli, na wengi wetu tumewahi kupokea barua zao za kutuita "mtafiti mashuhuri". Kama hakuna aliyeisoma makala yako kabla ya kuchapishwa, iondoe na uombe cheo kwa nyingine. Lakini kama jarida ni la haki, uliza tume ilitumia kigezo gani kilichoandikwa. Orodha iliyojulikana zaidi duniani, ya mkutubi Jeffrey Beall wa Marekani, iliondolewa mtandaoni na mwenyewe Januari 2017, na haikuwahi kuwa orodha rasmi ya nchi yoyote. Nakala zake zinazozunguka mpaka leo si sheria. Usijibu kwa kuonyesha ISSN, kwa kuwa namba hiyo yenye tarakimu 8 hutambulisha jarida tu, haipimi ubora wake, na mjumbe anayejua hilo atapuuza dosye yote. Kinachoshawishi ni ripoti za wahakiki ulizopokea, majibu uliyowaandikia, toleo la kwanza na la mwisho la makala likionyesha kilichobadilika, na uthibitisho kwamba jarida limo katika orodha zinazochuja, kama DOAJ kwa majarida ya kusomwa bure au African Journals Online kwa majarida ya bara letu. Kwa hiyo usifute kamwe barua pepe za wahariri.

Ikiwa wamepunguza uzito wa makala kwa sababu mmeandika wengi, omba waandishi wenzako watie sahihi tamko la nani alifanya nini. Mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo mpaka kuandika rasimu, unatumiwa na majarida mengi na unafaa kwa tamko hilo. Na kama kanuni zenu hazisemi popote kwamba makala ya watu watatu ni theluthi ya makala, sema hivyo waziwazi: hicho ni kigezo kilichobuniwa mezani.

Hatua ya nne: ombi kwa aliyeamua

Kabla ya kwenda juu, rudi kwa aliyeamua. Kifaransa cha ofisi kinaita ombi hili recours gracieux, na lisikudanganye jina: huombi huruma, unaomba uamuzi urekebishwe. Kisheria ni hatua yenye uzito, kwa sababu mahakama za kiutawala hazipokei shauri la kufuta uamuzi kabla mlalamikaji hajapeleka malalamiko ya awali kwa mamlaka husika. Muda wa kufanya hivyo huhesabiwa kuanzia siku uliyokabidhiwa uamuzi au siku ulipotangazwa, nao ni mfupi. Mwone wakili katika juma la kwanza akuhesabie siku, hata kama unatumaini kwamba mambo yataisha kwa maelewano. Nimewaona watu wenye hoja safi wakikataliwa kwa sababu walisubiri mazungumzo yaliyoahidiwa "baada ya mitihani".

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Ifungue kwa kutaja uamuzi unaoupinga kwa namba na tarehe, eleza kasoro moja kwa moja, kila kasoro na kiambatisho chake, na umalizie kwa kusema unachoomba. Kwa mfano, aya ya katikati ingekuwa hivi: "Gridi iliyotumika inaonyesha makala nne. Dosye niliyowasilisha tarehe iliyotajwa hapo juu, na ambayo hati ya makabidhiano imo katika kiambatisho cha 2, ina makala tano. Makala ya tano, iliyomo katika kiambatisho cha 6, haikuandikwa popote katika gridi wala kukataliwa kwa sababu yoyote. Kwa hiyo ninaomba dosye yangu irudishwe mbele ya baraza, ihesabiwe upya, na nikabidhiwe uamuzi wenye sababu." Utaiandika kwa Kifaransa, lakini ifikirie kwanza kwa lugha unayoiwaza, kwa maana Kifaransa cha ofisi kina maneno mengi ya kupamba ambayo huficha hoja.

Usimtaje mtu kwa ubaya. Hata kama unajua ni nani aliyesimama kikaoni kukupinga, andika "baraza", "tume", "uamuzi". Usilinganishe pia dosye yako na ya mwenzako aliyepita, isipokuwa pale ambapo kanuni ilitumika kwake namna moja na kwako namna nyingine katika kikao kilekile, na una karatasi ya kuonyesha. Bila karatasi utakuwa umejenga adui mpya na hujaongeza hoja.

Unaweza kukumbusha pia kwamba Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linataka mwalimu awe na haki ya kukata rufaa mbele ya chombo kisichopendelea, anapoona tathmini si ya haki. Si sheria ya kumlazimisha mtu, basi liweke kwa sentensi moja, baada ya hoja zako za sheria za nchi.

Hatua ya tano: kwenda kwa mkubwa wake

Jibu likiwa hapana, au lisipokuja, unaandika kwa mamlaka ya juu: kutoka kitivoni kwa rekta, yaani mkuu wa chuo, na kutoka kwa rekta kwa waziri. Pitisha barua kwa njia ya daraja, yaani kupitia kwa mkuu wako, hata kama ndiye unayemlalamikia. Barua iliyomruka hurudishwa chini bila kusomwa. Lakini njia ya daraja inaweza kuwa ndiyo kabati ileile, kwa hiyo peleka nakala ya taarifa moja kwa moja wizarani, kupitia mtu unayemwamini anayesafiri kwenda Kinshasa, na umwombe akuletee nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, kwa Kinshasa barua yako haijazaliwa.

Ni wakati huu pia wa kuwahusisha wawakilishi wa maprofesa au wa corps scientifique, yaani asistenti na chef de travaux. Waombe jambo dogo na dhahiri: wafuatilie tarehe ya kikao, wahakikishe dosye imo kwenye ajenda. Chama kikigeuza dosye yako kuwa bendera ya mgomo, hoja yako ya ukurasa mmoja itasahaulika, na mgomo utakapokwisha utabaki peke yako.

Hatua ya sita: mahakamani

Ibara ya 155 ya Katiba inaipa Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya kiutawala, mamlaka ya kusikiliza, kwa ngazi ya kwanza na ya mwisho, mashauri dhidi ya maamuzi ya mamlaka kuu za kiutawala yanayokiuka sheria. Uamuzi wa waziri umo humo. Kwa uamuzi uliotiwa sahihi hapa mjini, wakili ndiye wa kuamua mlango, na atatumia sheria-asasi namba 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016 kuhusu mahakama za kiutawala.

Elewa vizuri kabla ya kulipa gharama: jaji wa kufuta uamuzi hakupi cheo. Anafuta uamuzi mbovu na kukurudisha mbele ya watu walewale, ambao sasa wanapaswa kuamua upya bila kurudia kosa. Kwa hiyo mahakama inafaa sana pale ambapo kasoro ni ya utaratibu na dosye yenyewe imekamilika. Pale ambapo dosye ina pengo, utashinda shauri na kushindwa tena kikaoni.

Katika chuo binafsi njia ni nyingine. Mwalimu wake ana mkataba wa kazi, na mgogoro unaotokana na mkataba huo unaongozwa na sheria ya kazi (Code du travail), namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kabla ya mahakama ya kazi ni lazima upite kwa mkaguzi wa kazi kwa ajili ya upatanisho. Shauri lililoruka hatua hiyo halipokelewi. Nenda na mkataba, kanuni za wafanyakazi za chuo na barua zote zenye muhuri. Mara nyingi mambo huishia kwenye meza ile ya mkaguzi, hasa pale ambapo kanuni za chuo chenyewe ziliahidi tathmini kila baada ya muda fulani na tathmini haikufanyika.

Wakati rufaa inaendelea

Endelea kufundisha, toa alama kwa wakati, hudhuria vikao vya idara. Kosa lolote la kazi utakalofanya miezi hii litaingia katika dosye kama sababu mpya. Endelea kuchapisha pia, na kila kitu kipya kiingize katika dosye ya kikao kijacho. Kukata rufaa juu ya kikao kilichopita hakukuzuii kuwasilisha upya, mradi barua yako iseme wazi kwamba hujaiacha rufaa.

Cheo kikipatikana, soma amri kabla ya kusherehekea. Angalia jina limeandikwa kama lilivyo katika hati zako, namba ya matricule, yaani ya utambulisho wa mfanyakazi, ni yako, na tarehe ya kuanza kutumika ni ile uliyoipigania, si siku ya sahihi. Kosa la herufi moja katika jina linaweza kusimamisha mshahara mwaka mzima. Piga fotokopi tano, zithibitishwe, na siku hiyohiyo ukabidhi moja idarani, moja kitivoni, moja ofisi ya wafanyakazi na moja kwa wanaoshughulikia mécanisation, kila moja kwa kitabu na muhuri kama ulivyofanya tangu barua ya kwanza. Ya tano iweke nyumbani pamoja na lile daftari.